Kupiga .22 LR kwenye bunduki ya .223: kifaa cha kugeuza kinafaa, au ninunue bunduki ya pili?

Boliti_Naks (Nakuru)

Habari za jioni wakuu. Bunduki yangu ni Tikka T3x ya boliti, .223 Remington, mtutu wa inchi 20, msokoto wa 1:8, yaani mifereji ya ndani ya mtutu inazunguka mara moja kila inchi 8. Iko kwenye cheti na kazi yake ni shabaha tu. Shida ni bei ya risasi. Ukitaka kufanya mazoezi ya kweli kila wiki, .223 inakula pesa kama karo ya shule.

Shemeji yangu yuko Texas na ana AR-15, bunduki inayojipakia yenyewe. Amenitumia picha za kifaa anachokitumia: anatoa boliti ya kawaida, anatia nyingine ndogo yenye magazini yake, kisha anapiga .22 LR, ile risasi ndogo ya bei nafuu, kwa mtutu ule ule. Anasema hakuna cha kubadilisha kwa sababu risasi zote mbili ni "ishirini na mbili".

Sasa naomba kujua. Kifaa kama hicho kinaweza kuingia kwenye bunduki ya boliti kama yangu? Kama hakiingii, nimesikia kuna vijiganda vya chuma vyenye umbo la .223 ambavyo unatia .22 ndani yake, vinafanya kazi? Mtutu wa 1:8 utapiga .22 kwa usahihi gani mita 50? Na je, .22 itaharibu mtutu? Shemeji yuko tayari kuniletea akija Desemba.

Fundi_wa_Chemba (Kisumu)

Mkuu, hicho cha shemeji hakiingii kwako hata ukikisukuma kwa nyundo. Kimetengenezwa kufuata mwili wa AR-15, na ukijua kinavyofanya kazi utaona kwa nini.

AR-15 inafunguka katikati kwa pini mbili. Ukisukuma pini ya nyuma, sehemu ya juu inainuka, boliti na kibebeo chake vinatoka vikiwa kitu kimoja. Kifaa cha .22 kinakaa pale pale palipotoka boliti. Kina sehemu tatu. Mbele kuna chemba ya bandia (chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa), yaani kipande cha chuma chenye umbo la nje la ganda la .223 lakini tundu la ndani ni la .22 LR. Nyuma yake kuna boliti nyepesi yenye pini inayopiga pembeni, kwa sababu .22 LR kiwasho chake kimo ndani ya ukingo wa ganda, hakipo katikati kama cha .223. Kisha kuna reli na springi yake yenyewe. Bafa (kizuizi kinachopokea boliti ikirudi nyuma) na springi ya kitakoni havifanyi kazi yoyote zaidi ya kuwa ukuta wa nyuma.

Boliti hiyo haijifungi. Inashikiliwa na uzito wake na springi, basi. Kwa .22 LR hilo linatosha, kwa sababu kikomo cha shinikizo lake ni psi (ratili kwa inchi ya mraba) 24,000 na ganda lenyewe ni dogo. Kikomo cha .223 ni psi 55,000. Ndiyo maana .223 ina boliti yenye meno yanayozunguka na kujifunga kabla ya pini kupiga.

Kwenye Tikka yako boliti inaingia kwa nyuma, inazungushwa kwa mkono, pini iko katikati kabisa, na magazini ni ya upana wa .223. Ili upige .22 LR ungehitaji boliti nyingine yenye pini ya pembeni na kucha za kuvuta ganda lenye ukingo mdogo, magazini nyingine, na chemba ya bandia au mtutu mwingine. Kwa T3x sijaona kitu cha namna hiyo dukani popote. Bunduki za boliti zinazogeuzwa hivyo zipo, lakini zilibuniwa tangu mwanzo zibadilishwe mtutu. Blaser R8 ya Ujerumani ni mfano: wanauza mtutu wa .22 LR, kichwa cha boliti na magazini yake. Bei yake ukishaisikia utarudi kupiga .223 kwa furaha.

Wazo lenyewe si geni. Wajerumani waliwahi kuwa na seti ya Erma ya kutia kwenye Mauser K98, yenye mtutu mwembamba unaoingia ndani ya mtutu mkubwa, boliti yake na magazini yake. Waingereza kabla yao walikuwa na bomba la Morris. Tofauti ni kwamba hao walitia mtutu mzima wenye mifereji yake, ndiyo maana usahihi ulikuwa wa kuridhisha. Kifaa cha AR kinaazima mtutu wa .223, na hapo ndipo usahihi unapoanza kupotea.

Lenga_Polepole (Kakamega)

Nijibu hilo la vijiganda, maana watu wengi hulipia kabla ya kupiga hesabu.

Chukua vipimo. Tako la ganda la .223 lina upana wa milimita 9.6, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni 4.8. Ukingo wa .22 LR una upana wa milimita 7.1. Pini ya bunduki yako inapiga katikati ya tako la .223. Ili pini hiyo iupate ukingo wa .22 moja kwa moja, lazima .22 isogezwe pembeni kama milimita 3. Ongeza nusu ya upana wa ukingo, 3.55, unapata zaidi ya 6.5. Kijiganda kina 4.8 tu. Haiingii. Na hata ingeingia, kichwa cha risasi kingetoka pembeni ya mtutu badala ya katikati.

Kwa hiyo kijiganda cha .22 LR kwa .223 lazima kiwe cha vipande viwili. Kipande cha mbele kinashika risasi katikati. Cha nyuma ni kizibo chenye kijipini chake: pini ya bunduki inakipiga katikati, nacho kinapeleka pigo hadi ukingoni mwa .22. Nguvu inapotea njiani, na uchafu kidogo tu ukiingia kati ya vipande, .22 haiwaki. Kila risasi moja unatoa kijiganda, unafungua kizibo, unasukuma ganda tupu kwa kijiti, unatia jipya, unafunga, unarudisha. Kwa mtu anayetaka kupiga nyingi kwa bei nafuu hiyo ni adhabu.

Tatizo la pili ni kuruka. Ganda la .223 lina urefu wa milimita 44.7, la .22 LR ni 15.6. Risasi ikikaa nyuma ya kijiganda, kichwa chake lazima kiruke takriban sentimita mbili au zaidi ndani ya tundu laini kabla ya kukutana na mifereji ya mtutu. Kichwa ni ledi laini. Kikifika kwenye mifereji kimeinama hata nusu ya unywele, kinakwanguka upande mmoja, na kutoka hapo hakiko sawa tena. Ugonjwa huo huo uko kwenye kifaa cha AR, kwa sababu chemba yake ya bandia ina urefu ule ule.

Usahihi sasa. Mtutu halisi wa .22 LR una msokoto wa 1:16, yaani kichwa kinajizungusha mara moja kila inchi 16. Wako ni 1:8. Kichwa kikitoka kwa mita 330 kwa sekunde, kwenye 1:16 kinazunguka kama mara 810 kwa sekunde, na kwenye wako mara 1,620. Kuzunguka kwingi peke yake hakuui usahihi kama kichwa ni kamilifu. Lakini kichwa kilichokwanguka upande mmoja kina uzito usio sawa, na kadiri kinavyozunguka kwa kasi ndivyo kinavyotupwa nje ya mstari. Kasoro ya kuruka na msokoto mkali vinachocheana.

Na hiyo "ishirini na mbili" ya shemeji si moja. Kipenyo cha ndani kwenye mifereji ya mtutu wa .22 LR ni inchi 0.222, wa .223 ni 0.224. Kichwa cha .22 LR ni karibu 0.2255 kwa hiyo kinashika mifereji yote miwili, ila kwa .223 hakibani vizuri.

Matokeo yake, mita 50, tarajia matundu matano yaenee sentimita 5 hadi 8. Bunduki halisi ya .22 yenye risasi ya wastani itaweka hayo matano ndani ya sentimita 2 au 2.5. Kwa mtu anayefanya mazoezi ya shabaha hiyo tofauti ni kila kitu, kwa sababu tundu likienda kulia huwezi kujua ni kidole chako kilichovuta vibaya au ni risasi.

Makaratasi_Kwanza (Kisumu)

Kabla hamjaendelea na milimita. Boliti_Naks, mwambie shemeji aache hicho kitu Texas.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haihesabu bunduki nzima peke yake, inahesabu na sehemu zake. Boliti na chemba si mapambo. Ukikutwa navyo uwanja wa ndege kwenye mzigo wa mtu bila kibali cha kuingiza, hadithi ya "ni kifaa cha mazoezi tu" haitamfurahisha askari wa forodha. Upande wa Marekani nako wana sheria zao za kutoa sehemu za silaha nje ya nchi, kwa hiyo shemeji anaweza kuingia taabani kabla hata hajapanda ndege.

Pili, cheti chako kinataja silaha na risasi zake. Kama kimeandikwa .223, muuzaji mwenye leseni hatakuuzia .22 LR, na akikuuzia nyote wawili mna kesi. Unataka .22, omba kwenye Bodi ya Leseni za Silaha iongezwe, kupitia muuzaji mwenye leseni ambaye ndiye atakayeagiza.

Na AR-15 yenyewe isahau kabisa kwa hapa kwetu. Bunduki za mtindo wa kijeshi zinazojipakia zenyewe raia haruhusiwi.

Naongeza hili kwa sababu litaulizwa tu: .22 hainunuliwi kwa ajili ya nyani na nungunungu wa mashamba ya Nakuru. Uwindaji umefungwa Kenya tangu 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina meno. Wanyama wakikusumbua unaita KWS, shirika la wanyamapori.

Boliti_Naks (Nakuru)

Asanteni sana. Makaratasi, nimekuelewa, hakiji. Fundi na Lenga, hesabu ya milimita imenifungua macho, kijiganda nimekiondoa kwenye orodha.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mwakani nitamtembelea shemeji na bila shaka ataniweka nyuma ya hiyo AR yenye kifaa. Analalamika inakwama sana, na baada ya .22 nyingi .223 zake zinaingia kwa shida. Amwambie fundi nini? La pili, kama nitaomba .22 ya pili hapa, nichague ipi ili mazoezi yasaidie nikirudi kwenye T3x?

Fundi_wa_Chemba (Kisumu)

Hizo .223 zinazoingia kwa shida asizilazimishe. Hilo ndilo la hatari kuliko yote aliyotaja, nitalieleza mwisho ili likae kichwani.

Kukwama kwanza. Mara nyingi ni risasi, si kifaa. Boliti isiyojifunga inahitaji msukumo wa kutosha kurudi nyuma. Risasi za polepole za shabaha, zile za mita 325 hadi 330 kwa sekunde, ni tamu kwenye bunduki ya boliti lakini kwenye kifaa hiki boliti hairudi hadi mwisho: ganda linabanwa mlangoni au risasi mpya haichukuliwi. Atumie za nafaka 40 (gramu 2.6) za kasi ya juu, kama mita 375 kwa sekunde, kichwa kiwe kimepakwa shaba. CCI Mini-Mag ndiyo risasi ambayo watengenezaji wa vifaa hivi na watumiaji wengi huanza nayo. Ledi tupu yenye nta inakwanguka kwenye midomo ya magazini na kuacha gundi nyeusi.

Kama risasi ni sahihi na bado inakwama, aangalie alama kwenye ganda lililotoka. Alama ya pini ni hafifu na risasi haikuwaka? Chemba ya bandia haijakaa hadi mwisho, inasogea mbele pini inapopiga na kula nguvu yote. Chanzo karibu kila mara ni masizi ndani ya chemba ya .223 au mafuta mengi mno. Chemba ya bunduki na nje ya chemba ya bandia viwe vikavu. Reli na boliti ndivyo vipakwe mafuta, matone machache. Ganda limepasuka ukingoni au limevimba? Aache kupiga kabisa, boliti inafunguka mapema au springi imechoka. Kichwa cha risasi kimebonyezwa puani? Magazini haijakaa juu vya kutosha, aipige kwa kiganja chini na ajaribu tena, au midomo yake imepanuka.

Kuna kijitufe cha kulia cha kusukumia boliti mbele. Asikiguse akiwa na kifaa ndani, kifaa hakina meno ya kukipokea. Na vifaa vingi havibaki wazi risasi zikiisha, kwa hiyo "klik" haimaanishi bunduki ni tupu. Atoe magazini, avute boliti, aangalie kwa macho na aingize kidole.

Sasa .223 ngumu. Mdomo wa chemba ya bandia unaishia pale mifereji inapoanzia. Kila .22 inaacha hapo pete ya ledi, nta na masizi. Ukirudisha boliti ya kawaida na kutia .223, kichwa au shingo ya ganda inakutana na hiyo pete. Shingo isipopata nafasi ya kufunguka, shinikizo linapanda juu ya kile kilichokusudiwa. Kwa hiyo kanuni ni kwamba kati ya .22 ya mwisho na .223 ya kwanza lazima chemba isafishwe.

Na kabla ya hapo, achungulie mtutu. Risasi dhaifu ya .22 inaweza kuacha kichwa katikati ya mtutu. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, au boliti isirudi kabisa, simama. Usipige nyingine kusukuma ya kwanza. Kichwa cha .22 kilichokwama kikifuatwa na .223, mtutu unapasuka.

Usafishaji wenyewe: ufito uingie kutoka nyuma ukiwa ndani ya bomba la kuuongoza usikwaruze chemba. Kitambaa chenye dawa ya mtutu kwanza, uache dakika kumi. Kisha brashi ya chemba, ile pana, uizungushe mara kadhaa pale shingo inapokaa. Kisha brashi ya bronzi ya .22, mizunguko kumi kwenda na kurudi. Ledi ikigoma, zungushia brashi iliyochakaa nyuzi za shaba za kusugulia sufuria. Ziwe shaba kweli. Nyingi sokoni ni chuma kilichopakwa rangi, zikishikwa na sumaku zirudishe jikoni. Vitambaa vikavu hadi kitoke cheupe, halafu jaribu kutia .223 moja ya bandia isiyo na baruti. Iingie na kutoka bila kukwaruzwa.

Lenga_Polepole (Kakamega)

Fundi, hujataja bomba la gesi. Gesi ya .22 inapita kwenye tundu la gesi la mtutu kama kawaida, na kifaa hakina cha kuipokea, kwa hiyo inamwagika ndani ya mwili wa bunduki pamoja na ledi. Wengi hushauri upige .223 chache mwishoni ili zipulize bomba. Wewe unasemaje?

Fundi_wa_Chemba (Kisumu)

Ushauri ni mzuri, mpangilio ndio wengi hukosea. Kupiga .223 kumi kunasafisha tundu la gesi vizuri kuliko waya wowote, na waya uliokatikia mle ndani ni msiba. Lakini hizo kumi ni *baada* ya kusafisha chemba, si badala yake. Mtu akizipiga moja kwa moja juu ya pete ya ledi anasuluhisha tatizo dogo kwa kuleta kubwa.

Tundu lenyewe huziba mara chache kama risasi zimepakwa shaba. Mwenye kupiga ledi tupu mamia kwa mamia bila .223 hata moja ndiye atashangaa siku bunduki inaposhindwa kujipakia.

Na mikono. Kiwasho cha .22 kina misombo ya ledi, na kifaa hiki kinapuliza moshi kuelekea uso. Nawa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kushika chapati. Uwanja wa ndani usio na feni nzuri, afadhali aahirishe.

Lenga_Polepole (Kakamega)

Basi nimalizie la bunduki ya pili.

Una T3x, kwa hiyo jibu la kwanza ni Tikka T1x. Ni .22 LR halisi, msokoto wa 1:16.5, magazini ya risasi kumi, mtutu wa inchi 16 au 20. Faida yake kwako ni kwamba inakaa kwenye vitako vya T3x na triga ni ya familia ile ile. Shavu, kidole na bega vinakutana na kitu kile kile, na hicho ndicho unachonunua.

Ya pili ni CZ 457 ya Wacheki. Boliti yake inainuka nyuzi 60 tu, kwa hiyo haigongi darubini, na mtutu unabadilishwa nyumbani kwa skrubu mbili, ingawa ni kati ya .22 LR, .17 HMR na .22 WMR peke yake, si .223. Na kila mtutu wa ziada, rudi kwa Makaratasi. Kama unapata BRNO ya zamani (.22 nyingine ya Wacheki) kutoka shamba la mtu anayeuza kihalali, usiidharau. Angalia mdomo wa mtutu kama haujaliwa na ufito, na ukingo wa chemba kama hauna shimo la pini. Ukiona shimo, kuna mtu aliifyatua tupu miaka nenda rudi. Ndiyo sababu .22 haifyatuliwi tupu ovyo: pini inaupiga ukingo wa chemba. Plagi ndogo za plastiki za kutia ukutani kabla ya skrubu zinaingia vizuri kwenye chemba badala ya risasi, ukiangalia kwamba pini haigongi chuma.

Hapa niingize jambo ambalo hujauliza. T3x yako ni ya .223, pini yake inapiga katikati, na kuifyatua tupu hakuiumizi. Dakika kumi na tano kila jioni nyumbani, risasi zikiwa chumba kingine na zimefungiwa, shabaha ndogo ukutani, zitakunyoosha kidole kuliko kifaa chochote cha kugeuza. Bei yake ni sifuri.

Risasi: kwenye T1x au CZ sasa ndipo zile za polepole zinapong'ara. CCI Standard au SK Standard Plus, karibu mita 327 kwa sekunde. Nakuru kukiwa nyuzi 20, sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo hizo haziuvuki mpaka wa sauti kabisa. Za mita 375 zinaanza juu ya mpaka na kuuvuka zikishuka, huko ndiko hewa inazisukasuka. Matokeo yake watu wengi hawaamini hadi waone: kwenye upepo wa pembeni, za kasi ya juu husukumwa *zaidi* kuliko za polepole. Upepo wa mchana wa Bonde la Ufa utakufundisha haraka. Upepo wa kilomita 16 kwa saa kutoka pembeni unahamisha .22 kama sentimita 10 na zaidi kwa mita 100. Stinger, aina nyingine ya .22 LR ya kasi ya juu, ziache, ganda lake ni refu kuliko kawaida na halifai kwenye chemba za kubana.

Kuanguka nako. Ukisawazisha darubini mita 50, kwa mita 100 risasi inashuka kati ya sentimita 17 na 22 kulingana na kasi. Kwa .223 mita 100 ni karibu hakuna. Kwa hiyo usijaribu kutumia namba za .223 kwenye .22. Andika kadi mbili, uzibandike kila moja kwenye kitako chake. Mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa ya .22 kwa mpiga wa .223: mita 100 ya .22 inakufundisha upepo na kuanguka ambavyo kwa .223 ungehitaji uwanja wa mita 300 kuviona, na viwanja hivyo hapa kwetu si vya kila mtu.

Boliti_Naks (Nakuru)

Safi kabisa. Naomba T1x basi, nianze makaratasi. Naweza kuhamisha darubini ya T3x niwe nayo moja tu?

Lenga_Polepole (Kakamega)

Angalia kwanza kama ina gurudumu la pembeni au mbele la kurekebisha umbali. Kama linashuka hadi mita 25, ihamishe bila wasiwasi, ila kila ukiihamisha utaisawazisha upya, na hizo ni risasi. Kama haina gurudumu, darubini za bunduki kubwa kiwandani hurekebishwa kwa umbali wa yadi 100. Kwa mita 25 au 50 picha inaogelea: ukisogeza jicho kidogo, msalaba unahama kwenye shabaha bila bunduki kusogea. Darubini za .22 hurekebishwa kwa yadi 50. Jipime hivi: weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, usiiguse, sogeza kichwa juu na chini ukiangalia mita 50. Msalaba ukihama zaidi ya sentimita moja, nunua nyingine ya .22, hata ya 3-9 (inayokuza mara 3 hadi 9) ya bei ya chini.